MILIMA YA MOTO NA MVUA YA MKULIMA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama siku ya sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, na kuchapishwa hapa kwa ombi la Halmashauri.)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusema mbele yenu siku ya leo. Waliotangulia wamekwisha kueleza jinsi Chama chetu kilivyoanza, jinsi mizani ya kwanza ilivyonunuliwa, na jinsi tulivyofikia kujenga ghala hili ambalo twakifaidi kivuli chake sasa hivi. Mimi sina la kuongeza katika hayo. Kazi niliyopewa ni nyingine, na huenda baadhi yenu wakaiona ngeni katika sherehe ya wakulima: nizungumze habari za milima ya moto, ile ambayo shuleni twawafundisha watoto kuiita volkeno, na jinsi inavyoweza kugeuza mvua ya nchi zilizo mbali nayo kabisa.

Asili ya mazungumzo haya ni swali. Katika mkutano mkuu uliopita, tulipokuwa tukijadili ziada ya mwaka, wengi walitaka igawanywe yote, na wachache walitaka sehemu yake iwekwe katika mfuko wa akiba na ghala la mbegu. Nami katika kuunga mkono hao wachache nikaitaja milima ya moto. Mzee mmoja, mwanachama wa tangu siku ya kwanza, akasimama akaniuliza: "Mwalimu, mlima ulio kwa watu wengine, ng'ambo ya bahari, utaninyimaje mimi mvua? Au hayo ni maneno ya kututisha tu ili fedha zetu zibaki ofisini?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini swali lile lilikuwa la haki, na jibu lake halikuweza kutolewa kwa dakika mbili. Uamuzi juu ya ziada ukaahirishwa hadi mkutano ujao. Leo nataka kumjibu mzee wangu yule, naye namwona ameketi hapa mbele.

UDONGO TUNAOUKANYAGA

Kwanza kabisa, tusiitukane milima ya moto. Sisi wa miteremko hii ya Meru, na jirani zetu wa Kilimanjaro, twala mezani pa milima hiyo. Udongo unaostawisha migomba na mibuni yetu ni majivu na mawe yaliyotoka tumboni mwa ardhi zamani sana, yakamong'onyoka kwa jua na mvua hata yakawa rutuba. Mlima wetu wenyewe ulitoa majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910. Ol Doinyo Lengai, mlima mtakatifu wa ndugu zetu Wamasai, ulilipuka mwaka 1966 na tena mwaka 2007. Huko Kongo, mlima wa Nyiragongo ulimwaga zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka, ikaingia mpaka katikati ya mji wa Goma mwaka 2002.

Basi mtu angedhani kwamba kwa habari ya mvua, milima ya kuogopwa ni hii iliyo karibu. Sivyo. Milipuko niliyoitaja iliwaumiza waliokuwa jirani nayo, lakini haikugeuza mvua ya dunia. Sababu yake ni kwamba kinachogeuza mvua si moto, wala zaha, wala majivu. Ni salfa, na urefu ambao salfa hiyo hufika angani.

Salfa mwaijua. Wenzetu wa Mtwara na Lindi hununua unga wake wa manjano wakaipulizia mikorosho ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Mlima mkubwa unapolipuka, hutupa juu majivu pamoja na hewa yenye salfa. Majivu ni mazito, nayo mengi huanguka baada ya siku chache. Hewa ya salfa nayo, ikibaki chini katika usawa wa mawingu ya mvua, huoshwa upesi. Lakini ikipanda juu ya mawingu hayo, kama kilomita 17 au zaidi katika nchi zetu za joto, na kama kilomita 10 tu katika nchi za baridi ya kaskazini, huko haiko mvua ya kuiosha. Hugeuka polepole ikawa matone madogo mno ya asidi, na asidi yenyewe ni ile ile iliyomo ndani ya betri ya gari. Matone hayo hayaonekani moja moja kwa macho. Pepo za juu huyachukua, zikayasambaza juu ya nchi na bahari, nayo huweza kukaa huko mwaka mmoja, pengine miwili au hata zaidi.

Kila mwenye kitalu cha miche ya kahawa aijua kazi ya kivuli anachokijenga juu ya miche yake. Jua lapita, lakini si lote. Wingu la salfa ni kivuli cha namna hiyo kilichojengwa juu ya kitalu ambacho ni dunia nzima, au nusu yake. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nao walisema kweli kwa mawingu waliyoyajua. Wingu hili ni la kabila nyingine. Lenyewe ni dalili ya mvua kupungua.

KIVULI KINAVYOPUNGUZA MVUA

Hupungua kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni nyepesi kuifahamu. Nguo zilizoanikwa kivulini hukauka polepole. Hali kadhalika bahari, maziwa na ardhi vikipata jua pungufu hutoa mvuke pungufu. Na mvuke ndio mtaji wa mvua.

Njia ya pili yataka tufikiri kidogo. Tazameni moto wa mafiga. Hewa iliyopata moto hupanda juu, na hewa nyingine huingia kwa chini kati ya mafiga kushika nafasi yake. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Basi wakati wa jua kali, bara huwa kama moto ule wa mafiga: hewa yake hupanda, na hewa yenye unyevu huvutwa kutoka baharini kuja kushika nafasi yake. Unyevu huo ukipanda na kupoa, ndiyo mvua. Hivi ndivyo zifanyavyo pepo kubwa za majira katika Bara Hindi, Afrika Magharibi na Uhabeshi, na ndizo jamaa za kusi na kaskazi ambazo manahodha wa pwani yetu walizitegemea tangu kale. Moto wa mafiga ukipunguzwa, na upepo unaovutwa hupungua.

Tena uko ukanda wa mvua unaoizunguka dunia karibu na mstari wa ikweta. Ukanda huo hulifuata jua. Mwezi wa Julai na Agosti huwa umepanda kaskazini, ukinyesha Uhabeshi na katika nchi za Sahel zilizo kando ya jangwa la Sahara. Mwezi wa Januari huwa umeshuka kusini, ukinyesha Zambia na Malawi. Njiani hupita kwetu mara mbili: ukienda kaskazini twapata masika, ukirudi kusini twapata vuli. Na desturi yake ni kuelekea upande wa dunia ulio na joto zaidi. Basi kivuli cha salfa kikifunika upande wa kaskazini peke yake, kaskazini hupoa, na ukanda wa mvua huwa mzito kupanda huko. Kikifunika kusini, mambo hugeuka. Kikifunika pande zote mbili, pepo zote za majira hulegea kwa pamoja.

Hiyo ndiyo nadharia. Lakini mkulima hali nadharia. Na tuone mambo yaliyotokea.

MWAKA 1783: KUTOKA ICELAND HATA MISRI

Iceland ni kisiwa cha kaskazini kabisa, karibu na nchi za barafu. Tarehe 8 Juni 1783, mahali paitwapo Laki, ardhi ilipasuka ufa wenye urefu wa kilomita zipatazo 27. Haukuwa mlipuko wa siku moja. Ufa ule uliendelea kutoa moto na moshi kwa muda wa miezi minane, hadi tarehe 7 Februari 1784. Hewa ya salfa iliyotoka hukadiriwa kuwa tani milioni 120.

Wenyeji walikuwa wa kwanza kuumia. Ukungu wenye sumu ulitua juu ya majani, mifugo ikala. Kondoo wanane katika kila kumi walikufa, na nusu ya ng'ombe na farasi. Baada ya mifugo kufa, watu wakafuata kwa njaa: karibu mtu mmoja katika kila watano wa kisiwa kizima. Hata leo watu wa Iceland wana jina la wakati huo, Móðuharðindin, maana yake dhiki ya ukungu.

Ukungu ule ukavuka bahari ukafika Ulaya. Mmarekani mmoja maarufu, Benjamin Franklin, alikuwa Paris wakati huo akiiwakilisha nchi yake. Aliona jua limefifia hata miale yake, ikikusanywa kwa kioo, ilikuwa haiwezi kuwasha karatasi ila kwa shida. Akaandika mwaka 1784 kwamba pengine sababu yake ni mlima wa moto wa Iceland. Alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuyafunga pamoja mambo haya mawili, mlima na hali ya hewa.

Sasa tushuke hadi Misri. Misri hainyeshi mvua ya kutosha kulima. Shamba lake ni mto Naili. Na ingawa maji ya Ziwa letu la Victoria yafika huko mwaka mzima, mafuriko ya kiangazi yaliyokuwa yakilowesha mashamba ya Misri hutoka katika milima ya Uhabeshi, ambako mvua hunyesha toka Juni hata Septemba. Tangu mwaka 861 pana kisima cha kipimo katika kisiwa cha Roda mjini Cairo, chenye nguzo ya mawe iliyotiwa alama za dhiraa. Maji yakifika dhiraa 16 watu walishangilia, na mtawala akapata haki ya kudai kodi ya ardhi, kwa kuwa mavuno yalijulikana yatakuwako. Yasipofika, kila mtu, toka tajiri hata mchukuzi, alijua kwamba mwaka ujao ni wa njaa.

Mwaka 1783 Naili haikujaa. Mfaransa mmoja aitwaye Volney, aliyekuwa akisafiri Misri siku hizo, aliandika aliyoyaona. Alieleza kwamba sehemu kubwa ya mashamba haikupandwa kwa kukosa maji. Kisha akaeleza jambo jingine, nalo ndilo naomba mlikumbuke kuliko yote niliyoyasema: sehemu nyingine haikupandwa kwa kukosa mbegu. Mwaka 1784 mto ukashindwa tena kufika kimo chake. Ilipofika mwanzo wa mwaka 1785, watu walikisia kwamba sehemu moja katika sita ya wakazi wa Misri walikuwa wamekufa au wameihama nchi.

Mkulima wa Misri hakuwahi kusikia jina la Iceland. Hakuuona moto wake wala hakunusa moshi wake. Kwa zaidi ya miaka 200 hakuna aliyeweza kuonyesha kwa hesabu jinsi mlima wa nchi ya barafu ulivyolikausha shamba la nchi ya mchanga. Mwaka 2006 wataalamu wanne, Luke Oman, Alan Robock, Georgiy Stenchikov na Thorvaldur Thordarson, waliitia salfa yote ya Laki katika hesabu za kompyuta zinazoiga mwendo wa hewa ya dunia. Hesabu zikaonyesha nchi za kaskazini zikipoa katika kiangazi cha 1783, moto wa mafiga ukipungua, pepo za majira za Afrika na Bara Hindi zikilegea, na mvua ya Uhabeshi na Sahel ikipungua pamoja na maji ya Naili. Ndivyo kumbukumbu zilivyosema.

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa mzee wangu. Mlima wa watu wengine waweza kukunyima mvua, nawe usijue hata jina lake.

SI MARA MOJA

Mtu mwenye busara atasema: shahidi mmoja hatoshi. Kweli. Lakini mashahidi wengine wako, na baadhi yao wamehifadhiwa ndani ya barafu. Theluji ya Greenland na ya ncha ya kusini huanguka kila mwaka juu ya ile ya mwaka uliopita, tabaka juu ya tabaka, na salfa iliyoanguka nayo hubaki humo. Wataalamu hutoboa barafu hiyo wakatoa nguzo ndefu, wakahesabu miaka kama mtu ahesabuvyo kurasa za daftari la hesabu. Mwaka 2017 Joseph Manning, Francis Ludlow na wenzao walilinganisha daftari hilo la barafu na kumbukumbu za kipimo cha Cairo. Waliona kwamba katika miaka ya milipuko mikubwa, kwa wastani Naili ilijaa pungufu. Tena waliona kwamba katika zama za wafalme wa ukoo wa Ptolemaio, waliotawala Misri kabla ya Warumi, maasi ya raia yalikuwa na desturi ya kuzuka baada ya milipuko hiyo. Njaa haikai peke yake; huja na ndugu zake.

Mwaka 1912 mlima wa Alaska, katika eneo la Katmai, ulilipuka kwa nguvu kubwa; mwaka uliofuata Sahel ilikumbwa na ukame. Mwaka 1982 mlima wa El Chichón wa Mexico ulilipuka. Miaka ya 1983 na 1984 Sahel ikawa kavu kupita kiasi. Wataalamu wa Uingereza waliandika mwaka 2013 kwamba, katika miaka minne iliyokuwa na majira makavu kuliko yote huko Sahel tangu 1900 hadi 2010, mitatu ilitanguliwa na milipuko mikubwa ya upande wa kaskazini wa dunia. Nao hawakusema kwamba mlima ndio sababu pekee, maana joto la bahari nalo lilikuwa na sehemu kubwa katika ukame ule wa miaka ya 1970 na 1980. Mlima ulizidisha mzigo juu ya punda aliyekwisha kuchoka.

Wingu la milima hiyo lilielemea kaskazini. Mlima wa Tambora, katika Indonesia, karibu na ikweta, ulifunika pande zote. Ulilipuka tarehe 10 Aprili 1815, ukapoteza zaidi ya mita 1,000 za kimo chake. Mwaka uliofuata theluji ilianguka mwezi wa Juni mashariki mwa Marekani, mvua na baridi ziliharibu ngano ya Ulaya Magharibi, na mpunga ukaharibika kwa baridi katika jimbo la Yunnan nchini China. Hapo mwaona kwamba mlima mmoja hauleti balaa ya namna moja kila mahali. Wengine walikosa mvua. Wengine walipata nyingi mno, tena ya baridi.

YALE YALIYOBADILIKA

Mpaka hapa nimesimulia mambo ya huzuni. Sasa niseme la faraja. Mkulima wa 1783 hakupata ilani yoyote. Sisi twaweza kuipata.

Tarehe 15 Juni 1991 mlima wa Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka, ukapandisha wingu lake hadi kilomita 35. Safari hii vyombo vilivyotupwa angani, yaani setilaiti, viliutazama. Viliipima salfa, nayo ilikuwa kati ya tani milioni 15 na 20, na vikaliona wingu likiizunguka dunia kwa muda wa majuma matatu hivi. Mwanzoni mwa mwaka 1992 James Hansen na wenzake wa Marekani walitoa utabiri wao hadharani kwamba dunia itapoa karibu nusu digrii ya Sentigredi, kisha itarudi katika hali yake. Ndivyo ilivyokuwa.

Nusu digrii yaonekana ndogo. Lakini mama aliye na mtoto anajua kwamba joto la mwili likizidi digrii moja tu, mtoto hachezi. Tangu Oktoba 1991 hata Septemba 1992 mvua ya nchi kavu za dunia ilipungua sana, na maji ya mito yaliyoingia baharini yakapungua nayo. El Niño nayo ilikuwako mwaka ule, lakini wataalamu walipotenga sehemu yake waliona kwamba mlima una sehemu yake pia.

Maana yake kwetu ni hii. Mlima mkubwa ukilipuka leo, katika siku chache itajulikana salfa yake ni kiasi gani, imepanda kimo gani, na imeelekea upande gani wa dunia. Kivuli chake hakiumi siku hiyo hiyo. Baina ya mlipuko na msimu utakaoumia mara nyingi ipo nafasi ya miezi. Tena kivuli hicho hakidumu. Baada ya mwaka, au miwili, au mitatu, hufifia. Adui huyu apiga hodi kabla ya kuingia, na hakai milele. Ila ataingia, maana hakuna serikali wala mtaalamu awezaye kuuziba mlima.

TUSITIE CHUMVI

Nisingekuwa mkweli kwenu nikiacha kusema la upande wa pili. Mvua zetu za Afrika Mashariki hutawaliwa zaidi na bahari kuliko na milima ya moto. Vuli ile kubwa ya mwaka 1961, ambayo wazee bado waisimulia, na iliyofanya Ziwa Victoria lipande zaidi ya mita mbili kufikia mwaka 1964, ilitokana na joto la Bahari ya Hindi. Mafuriko ya 1997 na ya 2019 yalikuwa hivyo hivyo. Na ukame wa tangu 2020 hata 2022, ulioua mifugo mingi ya jirani zetu wa Kenya, Somalia na Ethiopia, haukuletwa na mlima. Kwa hivyo mtu asije akasimama katika mkutano, kila mahindi yanaponyauka, akasema ni volkeno. Atakuwa ananisingizia.

Lakini angalieni. Kwa mkulima, debe tupu ni debe tupu, liwe limeachwa tupu na bahari au na mlima. Dawa ni moja. Nami nimeuchagua mfano wa mlima kwa sababu waonyesha wazi kuliko mwingine kwamba mvua ya mwaka wowote yaweza kupungua kwa sababu ambayo haimo katika uwezo wetu, wala katika bidii yetu, wala katika dhambi zetu.

NINALOWAOMBA

Mkulima wa Misri alikuwa na kipimo. Nguzo ya Roda ilimwambia mapema kwamba mwaka ujao ni mbaya. Kipimo hakikumwokoa, kwa kuwa ghala halikuwa na mbegu, na watawala wake wa Kimamluki walikuwa wanashughulika kugombania madaraka. Hakuwa na chombo kilicho chake mwenyewe cha kumwekea akiba. Sisi tunacho; ndicho kilichotimiza miaka 10 leo. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, nina maombi matatu kwa mkutano ujao.

La kwanza, kila chama cha msingi kiwe na kipimo cha mvua, na Karani aandike katika daftari kila siku saa 3 asubuhi, mvua iwe imenyesha au haikunyesha. Gharama yake ni ndogo. Lakini ilani inayotoka mbali haina maana kwa mtu asiyejua mvua ya kwake mwenyewe ilikuwa kiasi gani mwaka jana na mwaka juzi. Watoto wetu watatushukuru kwa daftari hilo kama wataalamu wanavyowashukuru leo wale makarani wa Cairo.

La pili, ghala la mbegu. Gunia la mahindi na la maharage ya kupanda, lililokaushwa na kutunzwa vizuri, libadilishwe kila msimu ili lisizeeke, na lisiguswe kwa chakula wala kwa biashara. Mvua moja ikipotea, yatakiwa mbegu ya kupanda mvua ya pili. Msimu wa njaa hauishi siku mvua inaporudi; huisha siku mkulima anapokuwa na kitu cha kuitia ardhini. Volney aliliandika jambo hili, na mimi sina uwezo wa kuliongeza nguvu.

La tatu, na ndilo gumu: sehemu ya ziada ya mwaka huu, ambao ulikuwa mwema, isigawanywe. Najua uzito wa maneno haya. Najua wapo hapa wanaongoja malipo ya pili ili walipe ada za shule, na wapo waliokwisha kuahidi bati kwa nyumba zao. Siwaambii waache yote. Nasema sehemu. Akiba haiwezi kuwekwa mwaka wa njaa. Mwaka wa njaa ni wa kuitoa. Ikiwa hatutaiweka mwaka kahawa ilipochanua vema, basi tujue tumeamua kutoiweka kabisa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe lazima kiwe kimewekwa chini mapema.

Mzee wangu, uliniuliza kama haya ni maneno ya kukutisha ili fedha zibaki ofisini. Nakujibu kwa heshima zote: fedha za akiba si za ofisi. Ni zako, na daftari la hesabu liko wazi kwako siku yoyote ya kazi. Na ukiona zimetumika kwa jambo jingine, simama tena katika mkutano kama ulivyosimama safari ile, nami nitasimama nawe. Tumekaa juu ya udongo ambao mlima uliutoa bila kuombwa. Mlima mwingine, mahali ambapo hatupajui, huenda siku moja ukatudai bila kuuliza. Siku hiyo nataka mjukuu wako aje hapa na gunia tupu, akaondoke na mbegu.

 Chama chetu na kiishi miaka mingi.